Wizi wa Vidole Kumi

Kufuli halikuvunjwa. Mlango wa chumba cha kompyuta ulifunguliwa kwa ufunguo, ukafungwa tena kwa ufunguo, na mwizi akaondoka na kitu kimoja tu: kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani. Skrini mpya zote zilikuwa mezani. Projekta ilikuwapo. Hata kompyuta mpakato ya mkuu wa chuo ilikuwa pale pale, imechomekwa kwenye umeme.

Inspekta Kokuberwa aliizunguka meza, mikono nyuma, akasimama mbele ya skrini kubwa ya mwalimu. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kingo zimenyooshwa vizuri.

"Nani kafunika hii?"

"Labda mfagiaji," alijibu Bi Genoveva, mkuu wa Chuo cha Uhazili Pambazuko, hapo Madale. "Afande, achana na kitambaa. Kisanduku ndicho kila kitu. Mle ndani mna Vidole Kumi."

Inspekta hakuhitaji kuelezwa Vidole Kumi ni nini. Kabla ya kuingia polisi alisoma katika chuo hicho hicho, na ndiyo programu iliyomfundisha kupiga chapa bila kutazama herufi. Ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kiswahili kitupu, ikaishi ndani ya kompyuta moja kuukuu iliyonguruma kama mashine ya kukoboa. Mwaka huu kompyuta ile ikakata roho. Fundi mmoja kijana, Lusungu, akaitoa programu mle, akaiweka kwenye kisanduku, akakifundisha kisanduku kuiga ile kompyuta ya zamani, kisha akakiunganisha na skrini zote za chuo. Sasa kila mwanafunzi angekaa mbele ya skrini yake kana kwamba ile kuukuu ni yake peke yake.

Kesho yake wageni walitazamiwa kuja kuiona programu ikiwaka, na chumba kipewe jina la mtunzi wake, Mwalimu Apolinari.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine anao Lusungu."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Mazoezi ya kwaya. Waulize wote."

"Na Lusungu?"

Bi Genoveva alishusha sauti. "Alikuwa humu peke yake. Ndiye wa mwisho kutoka."

Basi hesabu ikawa nyepesi, na hesabu nyepesi huwapendeza sana polisi. Konstebo Gibson alimfuata Lusungu kwenye kibanda chake cha ufundi Tegeta, akamtia pingu mbele ya wateja.

Inspekta mwenyewe alipitia ofisi ya walimu. Utaratibu wa upelelezi unajulikana hata na kuruta: kila mtu anaulizwa alikuwa wapi, alionwa na nani, ana ufunguo au hana. Lakini aliyeketi pale alikuwa Mwalimu Apolinari, suti ya kijivu, nywele nyeupe, mtu aliyemfundisha alipokuwa bado hajui hata kukaa vizuri kwenye kiti. Inspekta alikunja magoti kumwamkia. Mzee alimmiminia chai.

"Mmeshampata?" aliuliza.

"Tumeshampata, mwalimu. Pole sana."

"Kijana wa watu," alisema mzee, akakizungusha kikombe chake kwenye kisosi.

Kwenye maelezo, inspekta aliandika: shahidi hana la kuongeza. Hakumwuliza swali hata moja. Chai alimaliza yote.

Lusungu alilala mahabusu. Asubuhi alipoletwa kuhojiwa, alikuwa hana mkanda na anaishika suruali kwa mkono.

"Kisanduku umemuuzia nani?"

"Sijauza."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

Lusungu alitazama sakafu.

"Nakuuliza wewe."

"Mie sina la kusema, afande."

"Unamficha mtu?"

"Simfichi mtu."

"Unajua ulichofanya? Leo wageni wanakuja na hakuna cha kuwaonyesha. Programu ya miaka yote hiyo imepotea, na wewe unatazama sakafu."

Kwa mara ya kwanza Lusungu aliinua uso, na uso wenyewe ulijaa mshangao. "Imepotea vipi? Nakala ipo."

"Nakala gani?"

"Afande, fundi gani hawekagi nakala? Iko kwenye flashi, kwa sista wangu kule Kipawa. Kisanduku kingine unanunua Kariakoo, unaihamishia kwenye kadi yake, kabla chai haijapoa kinafanya kazi. Sasa niibe ili iweje?"

Inspekta aliweka kalamu chini. Aliyeiba aliamini kwamba akibeba kisanduku, Vidole Kumi imekwisha duniani. Huyo ni mtu wa enzi za diski moja, diski ikipotea mmelia wote. Ni mtu ambaye akizima kompyuta anaifunika kitambaa, hata akiwa katikati ya wizi. Jibu lilikuwa limeshamfika kooni, na hakutaka kulitamka.

"Kuna mtu uliyemwonyesha kabla ya sherehe?"

Lusungu alirudi kwenye sakafu yake. "Mwalimu. Nilimwita aijaribu."

"Akasemaje?"

"Alisema nzuri."

"Lusungu."

"Aliuliza kama ule mwanzo wake unaweza kurukwa. Nikamwambia hapana, nimeiacha kama ilivyozaliwa."

"Mwanzo una nini?"

"Naomba usiniulize mie, afande. Yule ni mtu mzima. Kaangalie mwenyewe."

Gibson aliifuata flashi Kipawa. Lusungu akaiwasha kwenye kompyuta ya kituo. Kioo kikawa cheusi, kisha maandishi ya kijani yakatokea: VIDOLE KUMI. Chini yake: Imetungwa na Felicitas Komba. Bonyeza kitufe chochote.

Inspekta hakubonyeza kitu. Alikumbuka wanafunzi walivyokuwa wakipangwa kwenye korido kila asubuhi. Mwalimu aliingia peke yake, akaiwasha mashine mwenyewe, kisha akaita, "Ingieni." Waliambiwa mashine haitaki msongamano. Walipoingia, somo la kwanza lilikuwa limeshafunguka. Hakuna aliyewahi kuuona mwanzo. Lakini kwa ufundi wa Lusungu, kila skrini ingeanzia mwanzo, mbele ya kila mgeni, na jina lingekaa pale mpaka mtu aguse kitufe.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu niiwashe mara ya kwanza. Nilidhani labda jina la marehemu mkewe. Nikaona aibu kuuliza."

"Na ufunguo?"

"Anao tangu zamani. Chuo kizima kinajua."

"Bi Genoveva alisema ziko mbili."

"Wa mwalimu hauhesabiwagi, afande."

Inspekta alihisi uso unamchoma. Kijana huyu alikubali kulala chini kwenye saruji kuliko kumvunjia heshima mzee. Yeye, mwenye nyota begani, alimvunjia heshima kijana ili asimwulize mzee swali dogo. Aliona aibu waziwazi, ya kumfanya mtu ashindwe kumtazama konstebo wake.

"Tunakwenda kwa mwalimu," alisema.

"Nichukue pingu?" Gibson aliuliza.

Alitaka kusema hapana, mzee wa watu. Akakumbuka wateja wa Tegeta. "Chukua," alisema. "Ila usizifunge mpaka nikuambie."

Mwalimu Apolinari aliwafungulia mlango akiwa amevaa shati la sherehe, tai bado mkononi. Kisanduku kilikuwa mezani, kimefungwa kwenye leso safi. Hakujaribu hata kukisogeza.

"Mwalimu, jana kuna swali sikukuuliza. Siku ya wizi, jioni, ulikuwa wapi?"

"Chuoni." Alikaa taratibu. "Jana nilikuwa naomba usiulize. Usiku mzima nikawa naomba uje uulize."

"Felicitas ni nani?"

"Tulifundisha wote. Binti wa Songea, mdogo kwangu sana. Ile programu aliitunga yeye, jioni baada ya vipindi, ujauzito ukiwa mkubwa. Alipokwenda kujifungua wakaja wakubwa kuitazama. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mashine. Mmoja akanipa mkono, akasema hongera, mwalimu. Nikaupokea ule mkono."

"Hukusema kitu?"

"Nilisema asante."

"Aliporudi?"

"Alirudi na mtoto mgongoni. Cheti changu kilikuwa kimeshatundikwa ukutani. Alikitazama mpaka akamaliza kukisoma. Kisha akaniamkia." Sauti ya mzee ilikatika. "Aliniamkia tu, Kokuberwa. Mwezi uliofuata akaomba uhamisho."

"Yu hai?"

"Yu hai. Namba yake ninayo. Sijawahi kuipiga."

"Kwa hiyo ukachukua kisanduku."

"Jina langu lilikuwa limeshapigiliwa mlangoni. Nikawaza, wakiwasha tu, nitasimama pale mbele ya watu na tai yangu. Nikaona bora isiwake kabisa, iwe imeibwa."

"Na ulijua Lusungu yuko mahabusu."

"Nilijua."

"Ukaninywesha chai."

"Nikakunywesha chai."

Na inspekta alikuwa ameinywa yote. Alimwomba Gibson abebe kielelezo. Pingu hazikufungwa, mzee aliinyoosha mikono mwenyewe, na inspekta akashindwa kutoa amri.

Kituoni, Lusungu alikuwa kaunta anarudishiwa mkanda na simu. Inspekta alimwendea moja kwa moja. "Nisamehe," alimwambia mbele ya askari wote. "Nilikuona fundi, nikatosheka."

Lusungu alitikisa kichwa, hakujua aweke wapi macho. Ndipo alipomwona Mwalimu Apolinari akiingizwa mlangoni, Gibson ubavuni kwake. Akaacha mkanda, akainama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Mzee alifungua mdomo. Jibu la neno hilo kila mtu analijua, nalo halikutoka.

"Usiniamkie, mwanangu," alisema hatimaye. "Ni mimi niliyeiba. Umelala ndani kwa ajili yangu, na nilikuwa najua."

Lusungu alimtazama mzee yule, tai imeninginia mkononi, machozi yanashuka kwenye shati la sherehe. Alikuwa na haki ya kumtukana, na inspekta alitamani amtukane ili wote wapumue. Lakini Lusungu hakufundishwa njia nyingine ya kumpita mtu mzima. Akainama tena, safari hii kwa sauti ya chini zaidi.

"Shikamoo, mwalimu."