Sketi ya Injini

Asubuhi katika nyumba ile ilianza na vitambaa viwili. Mke alishika kimoja, akafuta kioo cha pikipiki yake ya magurudumu matatu. Mume alishika kingine, akafuta viti, mapazia na mishono. Kisha wote wawili walirudi nyuma hatua tatu, wakakitazama chombo chao.

"Kimependeza," alisema mke.

"Kimependeza tu?" aliuliza mume.

"Kimependeza mno. Kikipata mchumba leo, usinilaumu."

Mume alicheka, akaingia ndani kuandaa chai.

Mke alikuwa dereva. Watu wa mtaa walimwita Mama Honi, kwa sababu alipiga honi kwa adabu: mara moja, fupi, basi. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka ishirini alishona sare za shule. Baadaye watu wakaanza kununua nguo zilizoshonwa tayari. Wateja walipungua, kisha wakaisha. Cherehani ilifunikwa shuka kwa miezi minane. Mume akawa mtu wa kukaa kimya na kusikiliza redio. Fundi asiye na kazi ni mgonjwa asiye na homa. Mkewe aliliona hilo, na lilimuuma.

Ndipo siku moja alimwambia, "Viti vya chombo changu vimechanika. Hebu nishonee."

Aliomba viti tu. Mume alishona viti vyekundu. Akashona mapazia ya kuzuia mvua. Akaweka zulia miguuni pa abiria na pa dereva. Mwisho akakishonea chombo sketi. Ndiyo, sketi! Ilikuwa ya turubai jekundu, yenye marinda, na vifungo kumi na vinne vya chuma. Ilizunguka nyuma yote na mbavu zote mbili, ikashuka hadi karibu na ardhi.

Siku ya kwanza madereva wenzake walipiga makofi. Mume alizunguka mtaani siku nzima bila sababu, ili tu aulizwe ni nani aliyeshona. Jioni alirudi akiimba. Mama Honi alikuwa hajamsikia akiimba kwa muda mrefu.

Wiki mbili baadaye, chombo kilianza kuchoka. Kwenye barabara tambarare kilikwenda vizuri. Lakini kwenye mlima wa zahanati kilifika katikati, kikakohoa, kikaishiwa nguvu. Abiria walishuka. Mmoja wao, mama mwenye bendeji mguuni, aliumaliza mlima kwa magongo. Mama Honi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kituoni alikuwepo dereva mmoja aliyeitwa Mjuaji. Yeye alikuwa na jibu hata kabla ya swali.

"Dada, hiyo ni oili," alisema Mjuaji. "Injini ina kiu. Ongeza."

"Niongeze kiasi gani?"

"Wewe mimina tu. Injini haikatai oili."

Mama Honi alimimina. Kesho yake chombo kilitoa moshi mwingi, na mlimani kikazima kabisa. Mjuaji alitikisa kichwa kwa huzuni. "Basi kimezeeka. Kiuze mapema, kabla hakijakufia mikononi."

Kiuzwe? Mama Honi hakulala vizuri kwa neno hilo. Asubuhi alikipeleka kwa jirani yao, fundi wa pikipiki. Fundi huyo aliitwa Namba Kumi. Kila alipolala chini ya chombo, alinyoosha mkono nje na kusema, "Nipe spana namba kumi," hata kama hapakuwa na mtu wa kumpa.

"Shemeji, karibu," alisema Namba Kumi. "Kinasumbua nini?"

Mama Honi alieleza yote. Namba Kumi alisikiliza mpaka mwisho. Alikisukuma chombo mahali tambarare, akasubiri injini ipoe. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Unaona mistari hii miwili? Oili inatakiwa iwe katikati yake. Ikipungua, injini inasagika. Ikizidi, inatoa moshi na kupoteza nguvu. Yako imepita mstari wa juu. Ulipima kabla ya kumimina?"

"Sikupima. Niliambiwa injini haikatai."

"Na mtoto mdogo naye hakatai peremende. Pima kila asubuhi, injini ikiwa baridi. Ni kazi ya dakika mbili."

Alipunguza oili iliyozidi, akaiwasha injini, akaiacha ingurume kwa muda. Kisha alichuchumaa nyuma ya chombo, akashika pindo la sketi. "Hodi," alisema, akaifunua kidogo. "Shemeji, lete mkono karibu. Usiguse."

Mama Honi alisogeza mkono, akaurudisha haraka. "Moto!"

"Injini hii haipozwi kwa maji, inapozwa kwa hewa. Hewa baridi inaingia kwenye matundu haya ya ubavuni, inapita kwenye injini, inatoka nyuma na joto lake. Sasa matundu yote yamefunikwa turubai. Mtu ukimfunga blanketi usoni, halafu umwambie apande mlima mbio, atafika?"

"Hafiki."

"Basi ndiyo hivyo. Chombo chako hakijazeeka, kimekosa pumzi. Sketi itoke leo hii. Ukiendelea nayo, injini itakwama moja kwa moja."

Mama Honi aliyatazama marinda. Yalikuwa yamenyooka, kila moja sawa na mwenzake.

"Nitamwambiaje mume wangu?"

"Kwa mdomo, shemeji."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umelala chini ya pikipiki. Mama Honi alipofika nyumbani, alimkuta mumewe ameinamia karatasi na penseli.

"Njoo uone," alisema mume. "Nataka kuongeza safu ya pili ya marinda. Unaonaje?"

Mama Honi alifungua mdomo. Aliuona uso ule wenye furaha. Aliikumbuka cherehani ikiwa chini ya shuka. "Itapendeza," alisema.

Kuanzia siku hiyo alifanya kichekesho. Asubuhi aliondoka na sketi. Akishapita kona, alisimama nyuma ya ukuta wa duka, akafungua vifungo vyote kumi na vinne, akaikunja sketi na kuisukuma kwenye nafasi ya mizigo nyuma ya kiti. Jioni alisimama pale pale, akafunga vifungo kumi na vinne, akaenda nyumbani. Mwenye duka alimtazama kila siku bila kuuliza. Alidhani labda ni sharti la mganga.

Chombo kilipona. Kilipanda mlima wa zahanati na abiria watatu bila kukohoa. Lakini Mama Honi mwenyewe hakuwa na raha. Mumewe alipouliza, "Sketi imeulizwa leo?" alijibu, "Imeulizwa sana," huku akitazama pembeni.

Siku ya sita, abiria alipiga kelele. "Dereva, kuna kitu kinaungua!"

Mama Honi alisimama pembeni mwa barabara, akazima injini, akawashusha abiria wote kwanza. Moshi ulitoka nyuma ya kiti. Sehemu moja ya sketi ilikuwa imepenya kwenye upenyo na kulalia bomba la moshi. Aliivuta nje, akaimwagia maji yake ya kunywa. Hakuna aliyeumia. Lakini katikati ya marinda palikuwa na tundu lenye ukubwa wa sahani. Watu wangeweza kuungua kwa sababu ya maneno machache aliyoshindwa kuyasema.

Alirudi nyumbani mchana, ameibeba sketi kwa mikono miwili. Alisema yote: oili, mlima, Namba Kumi, kona, ukuta wa duka. Mume aliishika ile sketi, akaingiza mkono kwenye tundu.

"Ulikuwa unaivua kila siku?"

"Kila siku."

"Na jioni unaivalisha tena? Vifungo vyote kumi na vinne?"

"Vyote."

Midomo ya mume ilicheza, akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Honi hakujua kama acheke au alie. Kisha mume aliiweka sketi chini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaifunika tena cherehani."

Mume alikaa kwenye kigoda chake. "Mke wangu, mteja akivaa nguo niliyomshonea, swali langu la kwanza ni hili: inakubana wapi? Akinyamaza, yeye anaondoka na nguo mbaya na mimi nabaki fundi mbaya. Sketi siililii, turubai lipo. Ila umeniacha wiki nzima nijisifu kwa kazi mbovu. Hilo limeniuma, sikufichi."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Na mimi nina kosa langu. Nilimshonea mteja bila kumuuliza."

"Mteja gani?"

"Huyo hapo nje, wa magurudumu matatu."

Kesho yake mume alikwenda kwa Namba Kumi akiwa na utepe wa kupimia shingoni na chaki ya ushonaji mfukoni.

"Nionyeshe anapumulia wapi," alisema.

Namba Kumi alionyesha matundu ya hewa. Mume aliyazungushia chaki. "Hapa je?"

"Bomba la moshi. Kitambaa kikae mbali nalo kabisa."

Chaki ikapita. "Na hapa?"

"Taa na namba ya usajili lazima vionekane. Kule mbele, zulia lisikaribie pedali ya breki. Likijikunja chini ya pedali, breki haishuki." Kisha alifungua chujio la hewa na kuligonga. Vumbi likamwagika chini. "Na hili lisafishwe. Hewa ikiwa chafu, injini inakula mchanga."

Walipomaliza, chombo kilikuwa na mistari myeupe kila upande. Namba Kumi alijikuna kichwa. "Miaka yote nawaeleza madereva kwa maneno, hawaelewi. Kumbe dawa yao ni chaki!"

Mume alikata upya. Nguo ya pili ilikuwa fupi. Ilipita juu ya matundu bila kuyafunika, ikaishia mbali na moto, na ilikazwa kwa vifungo ili upepo usiipeperushe. Marinda yalibaki juu, pembezoni mwa paa. Mama Honi alipanda nayo mlima wa zahanati mara nne siku ya kwanza. Kila alipofika juu alisimama, akasogeza mkono karibu na matundu ya nyuma. Hewa ilitoka na joto la kawaida tu.

Madereva wengine wakaanza kuja. Mume hakukata kitambaa chochote kabla ya kuchora mistari yake. Mjuaji naye alikuja.

"Nishonee ndefu, fundi, mpaka chini. Injini yangu mimi haijui joto."

"Nitashona mpaka kwenye chaki," alijibu mume. "Ukitaka kupita hapo, mtafute fundi mwingine."

Mjuaji alibishana nusu saa nzima, halafu akaagiza fupi. Rangi ya bluu.

Sasa kila asubuhi mke hupima oili na kukagua tairi na breki, na mume husimama kando akisikiliza injini ikiwaka. Cherehani haijafunikwa tena.

Jioni moja Mama Honi alirudi kutoka kazini. Alizima injini. Hakusema hata habari za mchana.

"Fundi," alisema, "huu mto mpya wa kiti changu umenipandisha juu. Mguu haukanyagi breki hadi mwisho."

Mume aliutazama mto ule. Alikuwa ameushona siku tatu, kwa uzi wa rangi mbili.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu leo asubuhi."

Mume alichukua mkasi, akafumua mshono wa pembeni, akatoa sponji unene wa vidole viwili. Akaurudisha mto kwenye kiti.

"Kaa. Kanyaga."

Mama Honi alikaa, akakanyaga. Pedali ilishuka mpaka mwisho.