Kwangu Inakubali

Walikutana kwenye foleni ya lifti saa mbili asubuhi, watu wamebanana, kila mtu na kahawa yake. Dada alikuwa mwandishi wa programu, gauni la buluu limepigwa pasi, uso umekunjwa. Tangu alfajiri zana za kuunda programu zilikuwa zimemgomea mara tisa. Jana zilikubali. Na tangu hapo hakuwa amebadilisha kitu.

"Dada, nani kakuudhi?" akauliza kijana wa shati jeupe.

"Mashine."

"Hizo nazijua. Nipe dakika kumi."

Dakika kumi zikazaa miezi sita, penzi likanoga, na mradi wakawa nao mmoja. Kijana alikuwa mcheshi, ananukia sabuni. Ila alikuwa na ugonjwa. Ukimwambia programu imekataa, hata macho hainui: "Kwangu inakubali, mpenzi." Ofisi nzima ikampa jina hilohilo.

Ikafika siku ya kuwaonyesha wateja kazi. Ikienda vizuri, dada anakuwa kiongozi wa mradi. Haikwenda. Maandishi mekundu ya makosa yalijaa ukutani mbele ya watu, akampigia kijana simu kwa spika.

"Kwangu inakubali, mpenzi. Labda umeruka hatua."

Wateja wakasikia. Dada alishikwa na kinyaa, kinyaa hasa, cha zana zinazokubali leo na kesho zikakununia bila sababu, na cha mwanamume anayeiamini kompyuta yake kuliko yeye. Cheo akapewa mwingine. Akachukua likizo, na simu akaizima wiki mbili.

Siku aliyoiwasha, ikaita papo hapo: kijana.

"Usikate. Nimefuta kompyuta yangu yote."

"Yote?"

"Yote. Nikaanza upya kwa maelekezo tunayowapa wengine, mstari kwa mstari. Hatua ya tatu imekataa. Mwaka jana nilirekebisha faili moja kwangu, nikasahau kulituma kwenye mradi wetu. Hukuruka kitu. Kosa ni langu, na bosi nimemwambia."

"Cheo kinarudi?"

"Hapana."

Ilimuuma dada, na hakuficha: aliguna, kisha akauliza.

"Sasa hivi unaona nini?"

"Mekundu matupu. Yanachefua."

"Mkuki kwa nguruwe, eh?"

"Nimekoma, mpenzi. Njoo tuirekebishe pamoja. Halafu nije kwenu, nikajitambulishe kwa wazazi. Nataka kukuoa."

Dada alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.

"Kwanza andika upya hiyo hatua ya tatu," akasema. "Nikifika naifuata kwenye mashine yangu. Ikikubali kwangu, tutazungumza."