Ndoa ya Bima

—Thad, huyu fundi bomba wako ameanza lini kukuita "mpenzi"?

Thad aliacha kukaanga mayai. Mkewe, Corinne, alikuwa amesimama mlangoni na simu ya mumewe mkononi. Ujumbe ulikuwa bado wazi, chini ya jina "Fundi Bomba": "Mpenzi, jana uliondoka haraka. Kitanda kimepoa."

—Lete simu yangu.

—Nijibu kwanza.

Thad akacheka. Hata kukana hakukana.

—Sawa, nina mtu. Sasa? Utaondoka? Bima yako ya matibabu ni ya kazini kwangu. Nikikutoa, hiyo insulini utainunua kwa pesa gani, kwa mshahara wako wa saluni?

Corinne alikuwa na kisukari tangu ana miaka tisa. Bila kujidunga, siku chache tu zingemmaliza, na pale Detroit, kwa asiye na bima, bei ya dawa ile haishikiki. Kwa ajili hiyo alikuwa amemeza mengi miaka minne. Kumbe Thad alijua, akaigeuza dawa kuwa kamba.

—Kwa hiyo ulinioa au ulinifunga?

—Kaa ule mayai, mama. Huna pa kwenda.

Corinne akafungua friji, akatoa vichupa viwili vya insulini vilivyobaki, akavitia kwenye mfuko wenye barafu. Akampigia dada yake.

—Odette, washa gari. Nahama.

—Na dawa?

—Tunavuka daraja.

Alasiri hiyo walikuwa Windsor, upande wa Kanada, mbele ya mfamasia mwenye mvi. Akakitazama kichupa cha Corinne, akaleta vitano, akataja bei isiyofika hata ya kichupa kimoja kule Detroit.

—Bei ya vyote hivyo?

—Vyote.

Corinne akaangua kilio palepale kaunta, kilio cha hasira.

—Dada, hii ndiyo bei iliyonifanya nimvumilie yule mwanaume?

—Lipa twende, mdogo wangu.

Njiani ukaingia ujumbe wa Thad: "Nimeachana naye. Rudi, mke wangu. Bila mimi utakufa."

Corinne hakuandika. Alipiga.

—Jumatatu naenda kwa wakili kudai talaka. Jina langu kwenye bima lifute hata leo.

—Utakufa, Corinne!

—Basi nitafia kwangu.

Akakata. Odette akamtazama kwa jicho la pembeni.

—Kwako wapi, na leo unalala sebuleni kwangu?

Wakacheka mpaka machozi.

Talaka ilitoka kabla ya theluji kuanguka. Vichupa vikikaribia kwisha, Corinne huvuka tena, na siku hizi gari la Odette hujaa: wateja wa saluni wenye kisukari, wakiwamo wanawake wawili ambao waume zao hawajui wamekwenda wapi.