Ukurasa Mwekundu Uliovunja Boma Langu

Nina miaka sitini na tisa, na haya ninayoandika hapa sijamwambia hata pasta wangu.

Nimezaliwa Bumula. Shule niliacha darasa la nne, nikaja Kitale kubeba magunia, nikalala Kipsongo, mtaa wa mabanda, kwa chumba cha karatasi za plastiki. Leo nina duka la mbegu na mbolea, na nyumba ya mawe. Hakuna mtu alinishika mkono. Basi nilijiona mimi ndimi mimi!

Kitu kimoja tu nilificha. Kiswahili nasoma, Biblia nasoma, lakini Kiingereza... bana, Kiingereza naangalia tu kama picha.

Duka lilikuwa linaendeshwa na Nafula, mke wa mwanangu Wekesa. Ametoka Misikhu, amesoma, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Wekesa anafundisha Bungoma, anakuja wikendi. Nafula ndiye aliniwekea kompyuta, na ndiye aliitia antivairasi, ile programu ya kulinda mashine isiingiliwe na wezi na virusi. Akamtuma mke wangu, mama Wekesa, aniambie: programu ikiuliza kitu, usibonyeze, ngoja yeye. Nilicheka. Ati duka langu, halafu niambiwe ningoje?

Sisi wauza mbegu tuna chama, na chama kina tovuti yake ya Kiswahili. Kabla ya mvua unaingia hapo, unaandikisha mbegu unazotaka. Usipoandikisha, msimu umekupita. Miaka mitatu niliingia bila shida. Jumatatu moja nikafungua... ukurasa mwekundu! Maandishi meupe ya Kiingereza. Nikajaribu tena. Mwekundu!

Nikamwita Nafula. Sasa, kwetu mke wa mwana hakai kwa kiti cha baba mkwe, wala hasogei karibu na bega lake. Mimi nimekaa hapo kwa meza, yeye akasimama ng'ambo ya kaunta, macho chini, akasema kwa heshima, "Baba, hebu nisomee hayo maandishi. Yanasema nini?"

Nisome? Mbele ya wateja? Damu ilinipanda! Nikaona huyu amejua siri yangu na ananichezea.

"Wewe ndiye uliweka hiyo takataka," nikamwambia. "Itoe!"

"Nitatoa, Baba. Ukiondoka tu kidogo kwa meza."

Niondoke? Kwa meza yangu? Ni nini hataki nione?

Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Nafula akiongea na simu kwa sauti ya chini, mimi nasimama nyuma ya magunia nikisikiliza. Nikakumbuka ndugu yake amefungua duka la mbegu huko Misikhu. Ahaa! Si ananifungia tovuti ili ndugu yake achukue nafasi yangu?

Nilizima mashine, nikawasha. Nikanunua bando mpya ya intaneti. Wapi! Kuuliza chama kwa simu niliona aibu. Meza ya kompyuta nikaihamishia chumba cha ndani, nikapiga kufuli, ufunguo mfukoni. Yule ambaye angeweza kuitengeneza ndiye nilimfungia nje! Wekesa akipiga simu namwambia kila kitu kiko sawa, maana hata yeye nilikuwa namshuku.

Orodha ya mbegu ikafungwa. Jina langu halikuwamo.

Nikaita kikao cha wazee wa ukoo wetu Bumula. Nafula alipiga magoti na tumbo lake. "Baba, mimi sijafunga hiyo tovuti."

"Mwizi gani alishakubali?" nikamjibu. "Rudi kwenu, ukauze mbegu na ndugu yako!"

Mama Wekesa akanitazama. "Baba Wekesa, unajua unachofanya?" Nikamwambia anyamaze.

Watu wa kwao Misikhu walikuja kumchukua siku hiyo hiyo. Wekesa, aliyekuja kwa kikao, hakupiga kelele. Alisema tu, "Ukimfukuza yeye, umenifukuza na mimi," akaenda na mke wake...

Wiki mbili baadaye nikaita fundi wa kompyuta hapa Kitale, mama mmoja anaitwa Mama Wanjiru. Alibonyeza kidogo, akanigeukia.

"Mzee, hapa hakuna virusi. Tovuti ni safi kabisa. Programu iliuliza kama iifunge, na mtu akasema ndiyo. Imeandika siku na saa. Ni Jumapili, saa nne na nusu asubuhi."

Jumapili saa nne na nusu, siku moja kabla ya ule ukurasa mwekundu! Nafula alikuwa kanisani, kwa kwaya. Watu wote walikuwa kanisani. Mimi nilibaki kwa sababu mguu ulikuwa umefura, nikaingia dukani kupoteza muda. Nikakumbuka... kasanduku kalitokea katikati ya kioo cha kompyuta, kana Kiingereza na vibonyezo viwili. Nilibonyeza kile kikubwa ili kaondoke. Kaondoke tu!

Mama Wanjiru aliifungua tovuti kwa dakika mbili. Akauliza, "Kwani hapa hakuna mtu wa kusoma?"

Nilienda Misikhu na ndama wa kuomba msamaha. Nikakaa kwa baba yake Nafula, nikasema yote, hata ya darasa la nne. Nafula alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, nimekusamehe. Lakini jina langu ulilichafua mbele ya wazee wa Bumula. Hapa unalisafisha mbele ya nani?"

Nilirudi Kitale peke yangu.

Mjukuu wangu amezaliwa, ni mvulana. Jina amepewa na watu wa Misikhu. Mimi babu yake, nililisikia kutoka kwa jirani!

Sasa nimeita kikao kingine Bumula, Jumamosi hii, wazee wale wale. Nitasimama niseme nilichofanya, na niseme kwamba Kiingereza sijui. Nafula sijui kama atakuja. Naogopa, siwafichi.

Wenzangu mlioinuka kwa mikono yenu kama mimi, nawaomba. Ukiona maandishi usiyoyaelewa, usitafute adui ndani ya nyumba yako. Mwite mtoto wako, mwite mke wa mwana wako, umwambie, "Sijui kusoma hii, nisomee." Ni aibu ya dakika moja. Yangu sasa nitaibeba mbele ya ukoo mzima... na bado sijui kama itamrudisha.