Nahamisha Chaza

Feri ya Kilifi ilipogonga gati asubuhi hiyo ya Januari, mwaka wa themanini na sita, watu waliyumba pamoja, na ndoo ya maji ya bahari ikamwagika yote juu ya viatu vyeupe vya Kadzo binti Jefwa. Viatu vilikuwa vipya. Alikuwa amevaa sare yake ya hoteli, gauni la samawati lililomkaa vizuri kiunoni, na alikuwa amechelewa kazini Bofa.

"Wewe kaka, hayo mawe unayobeba ni ya nini?"

"Si mawe, dada. Ni chaza. Wako hai."

"Hai, na hawaoni viatu vya watu?"

Ochola alicheka. Alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Ziwa, vifungo viwili vya shati wazi, mikono imechanjwachanjwa na magamba. Akamwokota chaza mmoja aliyeachama kidogo, akamgonga kwa ukucha. Magamba yakajifunga polepole.

"Akijifunga ukimgusa, yuko hai. Akiachama tu, basi tena."

"Na aliyemwaga maji, tumfanyeje?"

"Huyo hununua viatu vingine."

Alivinunua mwisho wa mwezi, vikawa vidogo, na Kadzo akavivaa vivyo hivyo, akichechemea kwa furaha. Mapenzi yana wazimu wake.

Ochola alikuwa msimamizi wa mradi wa serikali wa kufuga chaza katika hori la Kilifi, mkono wa bahari unaoingia bara. Chaza wachanga walikaa ndani ya trei zilizoning'inizwa chini ya vyelezo vilivyoelea, wakinenepa kwa kuchuja maji. Masika ya mwaka uliotangulia yaliwaua karibu wote. Wakubwa wa Nairobi walikuwa wamemwonya: wakifa tena, mradi unafungwa, naye anarudishwa kwao Ziwani. Kila jioni alivuka hadi kibanda cha simu mjini, akampigia Kadzo hotelini.

"Nataka kuzungumza na mke wangu."

"Hapa hakuna mke wa mtu," Kadzo alijibu. "Kuna mfanyakazi tu, naye miguu inamuuma."

"Ni vile viatu, laazizi?"

"Ni vile viatu. Sikiliza, baba amekubali. Jumapili ya kwanza ya Mei, ulete uchi."

"Nilete nini?"

"Uchi." Kadzo alikuwa anakufa kwa kicheko. "Sisi Wagiriama tembo la mnazi ndilo uchi. Ulidhani nini?"

"Nilidhani mzee wako ni mkali kupita kiasi."

"Nitaulizwa mbele ya wajomba, tunywe? Nikisema kunyweni, nimekuwa wako." Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini usikose, mpenzi. Randu wa Marereni, yule mgane wa mashamba ya chumvi, amekuja kuniposa mara mbili. Baba anakungoja siku hiyo moja tu."

Mvua ilinyesha bara juma zima kabla ya Jumapili hiyo. Mto ukashuka na udongo, hori likawa jekundu, na maji yakapoteza chumvi kabisa. Chaza akionja maji matamu hujifunga kwa nguvu zake zote. Hali chakula, hapumui sawasawa, anaingoja chumvi irudi, nayo ikikawia sana hufia mle mle ndani. Njia ilikuwa moja tu: kuvikokota vyelezo hadi mlango wa bahari, na kukaa huko kuvilinda. Ochola alifikiri, chaza wakifa nahamishwa, na nikihamishwa nitamwoa nani? Jumamosi akapiga simu hotelini. Kadzo alikuwa anahudumia wageni, kwa hiyo akapokea Kabibi wa mapokezi.

"Mwambie Kadzo nahamisha chaza. Wazee waningoje, nitakuja Jumapili ya wiki ijayo."

Laiti simu za miaka ile zingekuwa na huruma. Waya zilikoroma, Kabibi akapata neno moja nusu, kisha ikakatika. Mtu wa serikali, mtu wa bara, na neno lenyewe linafanana na hamishwa. Kabibi hakuhitaji zaidi.

"Pole, dada. Mtu wako amehamishwa."

Kadzo hakuamini. Akapiga mwenyewe ofisini kwa Ochola, akapokea bawabu.

"Ochola? Ameondoka na vitu vyake. Hakusema atarudi lini."

Jumapili mkeka ulitandikwa kwa Mzee Jefwa, wajomba wakakaa mpaka jua likageuka, hakuna aliyekuja. Mzee alimshika bintiye bega. "Usilie, mwanangu. Wenzetu hawa huja na kazi, huondoka na kazi." Jumamosi iliyofuata tembo la Randu liliwekwa hapo hapo. Kadzo akaulizwa, tunywe? Akasema, kunyweni. Mimi simlaumu. Alikuwa ameaibika mbele ya ukoo mzima, na moyo wake ulikuwa umekufa ganzi.

Kesho yake Ochola akafika na dumu la tembo, shati limepigwa pasi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kadzo alimtokea mlangoni, leso kichwani.

"Kabibi aliniambia umehamishwa."

"Nilisema nahamisha. Nahamisha chaza."

Kadzo alishika mwimo wa mlango.

"Jana wamekunywa tembo la Randu," alisema.

"Tembo hurudishwa, Kadzo. Nimepata kusikia."

"Hurudishwa mume akiwa mbaya. Randu hajanikosea. Niliwaambia wanywe kwa kinywa changu. Baba amekaa kwenye mkeka mtupu mara moja kwa ajili yangu, na simkalishi tena."

"Nilibaki kule kwa ajili yako. Chaza wakifa, wananiondoa."

"Ungekuja na matope yako. Ungesimama hapo ulipo, useme neno moja, halafu urudi kwa chaza wako. Ningekungoja mwaka."

Ilikuwa kweli, na Ochola alijua. Nusu siku tu ingetosha, naye aliiamini simu. Mzee Jefwa alikuwa ameketi kando, uso ameugeuzia shambani.

"Wamepona?" Kadzo aliuliza.

"Nani?"

"Chaza."

"Wamepona. Karibu wote."

"Basi hawakuhamishi."

"Hawanihamishi. Nakaa Kilifi."

Kadzo akaketi chini pale pale mlangoni, akalia kama mtu aliyefiwa, na baba yake hakumkanya.