Picha ya Mawingu Ina Saa Yake

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa chai, Mama Kidomo alitoka nje akautazama mlima. Mlima ukiwa wazi, alianika matofali yake mabichi. Mlima ukivaa wingu, aliyafunika kwa turubai. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote ya mvua.

Matofali ya safari hii hayakuwa ya kuuza. Yalikuwa ya nyumba yao wenyewe. Mumewe, fundi mwashi, alikuwa amekwisha kuchimba msingi. Mvua kubwa zikiwakuta bila kuta, wangebaki tena katika chumba cha kupanga, chini ya paa linalovuja.

Binti yao walimwita Kidomo, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Jioni moja alirudi kutoka shule mbio, karatasi mkononi.

"Mama, mwalimu wa jiografia katuonyesha kwetu kutoka juu. Hii ni picha ya setilaiti. Mto wetu huu hapa, mwembamba kama uzi. Meupe haya ni mawingu. Juu yetu hakuna hata moja."

"Kwa hiyo kesho hainyeshi?"

"Itanyeshaje, na wingu halipo?"

Asubuhi mlima ulikuwa wazi, na karatasi ilisema vilevile. Mama akaanika. Alikwenda sokoni roho imetulia, turubai likabaki limekunjwa ndani. Alasiri mvua ikashuka kama imetumwa. Aliporudi, matofali yalikuwa yamegeuka tope.

Kidomo alilia mpaka kwikwi.

Kesho yake Mama alifika shuleni na tope miguuni.

"Mwalimu, picha yako imenimaliza."

Mwalimu aliipokea karatasi, akaitazama, akashusha pumzi. "Pole sana, mama. Soma hapa chini. Picha hii ni ya wiki iliyopita. Niliitumia kufundisha mto na mlima, kwa sababu hivyo havihami. Wingu linahama. Kosa ni langu, sikuwaambia watoto."

"Sasa picha ya wiki iliyopita inanisaidia nini mimi?"

"Hebu niambie. Ukimpiga picha mbuzi yuko mlangoni kwako, kesho utasema bado yuko mlangoni?"

"Kesho atakuwa amemaliza mboga za jirani."

"Basi na wingu ni hivyohivyo. Njoo uone."

Mama akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamebanwa. Mwalimu akawasha projekta, akamwonyesha ukutani picha za siku ya mvua, moja baada ya nyingine. Katika ya kwanza, wingu lilikuwa ng'ambo ya mto. Katika ya pili lilikuwa limevimba na kung'aa. Katika ya tatu lilikuwa limevuka.

"Setilaiti iko juu sana angani, inapiga picha mchana na usiku," mwalimu alisema. "Picha moja haitoshi. Zipange kwa saa, uone wingu linaelekea wapi na kama linakua. Hata hivyo picha haitoi ahadi. Sikiliza na utabiri wa redioni."

Mama aliitazama tena ile ya tatu. "Kumbe mimi nalinda mlima, na mvua inaingia kwa mlango wa nyuma."

Wakaanza upya. Udongo ukakandwa, matofali yakafyatuliwa, yakajaa uwanja. Siku moja adhuhuri jua likawaka kweli, mlima uko wazi. Kidomo akatokea anahema. Darasa lake lilikuwa limechora mawingu kutoka picha za projekta, naye ameshika michoro mitatu.

"Mama, linakuja."

"Picha za lini?"

"Za leo. Hii ya asubuhi, hii ya mapumziko, hii ya sasa hivi. Linakua, na limefika mtoni. Redio nayo imesema."

"Leta turubai."

"Mke wangu, watu watatucheka," alisema fundi.

"Wacheke. Wewe shika pembe hiyo."

Jirani alichungulia juu ya ua. "Mama Kidomo, leo unalifunika jua lisipate baridi?"

"Ndiyo, jirani. Na wewe anua nguo zako."

Jirani alicheka mpaka nguo zake zilipoanza kulowa.

Mvua ilipokatika, Mama alifunua pembe moja ya turubai. Matofali yalikuwa makavu, alama za vidole vyake bado zinaonekana. Akafunua yote, akaimba. Fundi akamnyanyua Kidomo mabegani, wakazunguka uwanja mzima.

Matofali yalikauka, yakachomwa, na kuta zikasimama kabla ya mvua kubwa. Fundi alipouliza dirisha la kwanza likae wapi, Mama hakusita.

"Upande wa mto."

Siku hizi jirani huita kabla ya kuanika: "Kidomo, nimeona picha kwenye simu, hakuna wingu. Nianike?"

Anayejibu ni Mama, kutoka dirishani: "Ya saa ngapi? Na ya kabla yake iko wapi?"