Injini Sebuleni kwa Mzee Sanga

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kipasha-injini namba 212 kiliamka chenyewe. Kilipima ubaridi wa chuma kikakuta nyuzi tisa chini ya sifuri, kikakadiria kwamba lori lingeondoka baada ya dakika tisini, kikaomba umeme. Mgawaji, mtambo wenye akili uliokuwa ukigawa umeme katika uwanda wote wa Kitulo, akaruhusu. Maji ndani ya injini yakapata uvuguvugu, yakapanda, yakazunguka, na barafu iliyoganda juu ya boneti ikaanza kudondoka. Saa moja kamili Mzee Yohabu Sanga alizungusha ufunguo mara moja tu. Injini ikaitika.

Lusungu Chaula aliyaona hayo kwenye skrini ya karakana yake, kilomita sita kutoka pale, akatabasamu. Kipashi kile alikibuni mwenyewe. Tangu Pazia litandazwe angani, yaani yale mamilioni ya vioo vyembamba yaliyopunguza makali ya jua ili kuiokoa miji ya pwani isiungue, huku juu Makete maji yalikuwa yakiganda miezi minne kila mwaka. Malori ya betri yalizimika kwenye baridi. Watu wakarudia injini za kizamani, zikichoma spiriti ya viazi, lakini spiriti haigeuki mvuke kwenye chuma cha baridi. Bila kupashwa, injini hukohoa tu na kunyamaza.

Kipashi cha lori la Mzee Sanga alikifunga wiki tatu zilizopita. Alimwaga maji ya rejeta, akang'oa kizibo kimoja cha duara ubavuni mwa bloku, ule mwili wa chuma wa injini, akasugua tundu hadi likang'aa. Akaingiza koili ya kipashi na mpira wake, akaikaza taratibu asije akapasua chuma, akarudisha maji, akatoa hewa, kisha akapitisha waya hadi mbele ya lori. Ilikuwa kazi safi. Ndiyo maana alichokiona kwenye skrini saa tano asubuhi kilimshangaza: namba 212 ilikuwa inaomba umeme tena.

Lori la maziwa lilikwisha kurudi. Safari ya pili ilikuwa imeandikishwa, ila lori halikuondoka. Alirudi nyuma kwenye kumbukumbu. Jana vilevile. Juzi vilevile. Siku kumi na mbili, kila saa tano, injini ilipashwa hadi jioni bila kwenda popote.

"Nimekosea kitu," alijiambia. Akabeba mkoba wa spana, akaenda.

Lori lilikuwa limeegeshwa pembeni ya nyumba, waya umechomekwa. Vioo vyake vilikuwa na ukungu kwa ndani. Lusungu alifungua mlango wa kibanda cha dereva, akakutana na macho ya mwanamke mzee aliyejifunika mablanketi mawili, bakuli la viazi mapajani, kisu mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ufunge mlango, joto linatoka."

Alikuwa Bi Elitha, mke wa Mzee Sanga. Kifua chake kilitoa mlio kila alipovuta pumzi. Mzee Sanga mwenyewe alitokea nyuma ya nyumba, akasimama kama mtu aliyefumaniwa.

"Kipashi chako hakina tatizo, fundi," alisema. "Mimi ndiye ninayekidanganya. Naandikisha safari, siendi. Maji ya injini yakiwa ya moto, nawasha kile kifeni cha kupuliza joto, na humu ndani mama yako anapumua."

"Kwani nyumba haina umeme, Baba?"

"Ina taa. Umeme wa kupasha nyumba tuliondolewa Juni ya mwaka juzi. Mgawaji alisema watu wa humu wamepita umri wa kazi. Lori linabeba maziwa, kwa hiyo lori linapewa."

Lusungu aliganda na mkoba wake. Juni ya mwaka juzi. Ndiyo siku zile alipopigiwa makofi ukumbini, mradi wake wa vipashi mia tatu ulipoidhinishwa. Siku ile hakumuuliza mtu umeme ungetoka wapi. Alidhani upo.

"Mbona hukuniambia siku ile nilipokuja?"

"Ningekwambia nini? Wewe ulikuja kufunga kipashi, ukafunga."

Bi Elitha alitoa karatasi chini ya blanketi. "Msomee na hii."

Ilikuwa onyo. Safari hewa zimefika kumi na mbili. Ikiongezeka moja, gari litaondolewa kwenye mgao. Bila mgao lori lisingewaka, na maziwa ya kijiji kizima yangemwagwa.

Lusungu aliitazama nyumba. Kisha akauliza kitu ambacho Mzee Sanga hakukitarajia: "Baba, mlango wa sebule yenu una upana gani?"

Alasiri ile yeye na Mzee Sanga walirudi kutoka karakana na lori hilohilo. Nyuma kulikuwa na bloku la injini iliyokufa zamani, chuma kitupu, limetolewa uani kwa Lusungu. Waliliviringisha juu ya mabomba, wakisukuma na kupumzika, hadi likatua sebuleni kati ya viti. Lusungu aliziba matundu, akafunga koili, akajaza maji. Kisha akatoa simu aiandikishe kwa Mgawaji namba ya injini iliyochongwa ubavuni.

"Wakijua?" aliuliza Mzee Sanga.

"Wataninyang'anya leseni."

"Basi acha, mwanangu."

"Namba ni ya kweli, Baba. Injini ni ya kweli. Ila haina gari."

Mgawaji aliipokea namba. Akauliza swali moja, kwa sauti yake ya upole: "Injini hii itaondoka lini?"

Lusungu alisita. Akisema leo, ingepashwa hadi jioni, halafu ingehesabiwa safari hewa. Aliwatazama wazee wale wawili. Bi Elitha alisogeza kiti karibu na chuma, akajibu yeye, "Mwambie Septemba. Baridi ikiisha."

Mgawaji aliwaza kwa muda mrefu kuliko alivyozoea.

"Injini itawekwa tayari hadi Septemba," alisema.

Maji yakaanza kunong'ona ndani ya bloku. Baada ya nusu saa Bi Elitha aliweka kiganja juu ya chuma, akakiacha palepale. Akavua blanketi moja.

Lusungu alikuwa bado amepiga magoti, mikono ina grisi. "Baba," alisema, "nyumba zilizoondolewa mgao hapa kijijini ni ngapi?"

"Thelathini na moja, ukiacha hii."

Uani kwake kulikuwa kumebaki mabloku kumi na saba. Alifuta mikono, akaanza kupiga simu kwa mafundi wenzake.